Herufi Arobaini za Mtihani wa Ukarani

Jumatatu, 3 Juni
Tangazo limebandikwa! Nafasi ya karani, moja tu. Miaka kumi na moja ya utarishi inatosha. Mtihani Ijumaa: serikali, uhusiano na nchi za nje, dini za dunia. Kalamu Mbili, tarishi mwenzangu, naye kajiandikisha. Anasoma hata kwenye foleni ya chai. Anajionyesha tu. Mke wangu anafundisha maarifa ya jamii darasa la sita, akajitolea kunisomesha. Nikakataa. Ninyooshe kidole sebuleni kwangu?

Jumanne, 4 Juni
Siri nzito! Mpiga chapa wa ofisini kaninong'oneza kwamba mtihani umepita mikononi mwake. Maswali arobaini ya kuchagua. Maswali hakubaki nayo, majibu anayo. Sharti: nimpandishie maboksi ya karatasi ghorofa ya nne, wiki nzima. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Alhamisi, 6 Juni
Mgongo hoi. Lakini herufi zote arobaini ziko kichwani. B, A, D, D, C... Mke wangu kanisikia bafuni, akauliza kama nina homa. Kazini Kalamu Mbili kaja kuuliza, kwa upole kabisa, balozi na waziri wa mambo ya nje wanatofautianaje. Ananipeleleza! Nikamwambia aende zake.

Ijumaa, 7 Juni
Tukaitwa mmoja mmoja. Kwa nini mmoja mmoja? Mlango ukafungwa nyuma yangu. Watu watatu, meza, jagi la maji. Karatasi hakuna. Mtihani wa mdomo! Jasho likanishuka hadi kwenye soksi.

Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya chini, akanitaka nitaje mihimili mitatu ya dola.

"B," nikasema.

"B nini, baba?"

Nikalitazama jagi la maji. Akanionea huruma, akauliza wafuasi wa Budha ni wa dini gani.

"A."

Mzee aliyeketi kulia kwake akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Jumatatu, 10 Juni
Kalamu Mbili ni karani. Kanipa bahasha nipeleke, akasema tafadhali. Tafadhali! Mke wangu anasema Septemba kuna mtihani mwingine, tuanze leo: bunge, serikali, mahakama. Nikamwambia nina shughuli. Dereva wa mwenyekiti kaniapia kwamba wa Septemba ni wa kuandika, na majibu anayo. Anataka tu gari lioshwe kila asubuhi. Nimeshanunua sabuni.