Ofisi ya Ghorofani kwa Waliopungukiwa Pumzi

Jumatano, tarehe 14 Julai 1993. Ukungu ulishuka mpaka vizingitini mwa nyumba za Lizaboni, manyunyu yakaanguka, na baridi ilikuwa ya kuvalia makoti mawili. Katika hali hiyo nzuri ilitangazwa rasmi kuzinduliwa kwa Kituo cha Habari na Msaada kwa Wagonjwa wa Mesothelioma, yaani saratani ya utando wa mapafu iletwayo na vumbi la asbesto. Mimi, Saimon, ndiye Afisa Habari wake. Nilimwomba Mungu kazi, naye akanipa hii pamoja na meza.

Kituo kiko ghorofani. Wapo waliouliza kwa nini watu wasio na pumzi wapandishwe ngazi. Jibu ni la kisera. Zama hizi za soko huria Serikali inajiondoa chini na kuwaachia wafanyabiashara. Kwa hiyo chini yupo Swalehe wa Tunduru, muuza mitumba. Isitoshe, waraka unaelekeza habari zitolewe ghorofani tu, kwa mgonjwa mwenyewe, zisije zikazagaa. Hata madaktari wamekatazwa kuzimwaga ovyo. Mimi mwenyewe nikiwa juu najua, nikishuka sijui.

Mgonjwa wetu wa kwanza, Mzee Bartolomeo, alikata mabomba ya asbesto kiwandani huko pwani ujana wake wote. Alifika na mkewe, Mama Ida, aliyebeba kibuyu cha togwa na kikombe; mzee akaishia ngazi ya kwanza, akaketi. Binti yao Jane alisimama ng'ambo ya barabara, kanga puani.

"Shikamoo, mama," nilisema nikishuka.

"Marahaba, mwanangu. Swali letu ni moja. Huu ugonjwa unaambukiza? Jane ametunyima wajukuu. Kwenye jumuiya kikombe hiki cha mzee wamekifunga uzi mwekundu, asikishike mwingine."

"Swali zuri sana, mama. Limo kabisa katika majukumu yangu. Apande."

"Angeweza kupanda, tungekuja kwako?"

"Basi apumzike, kisha apande."

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwanangu, mimi nikifika huko juu nitakuwa nimepitiliza mpaka kwa Mungu. Nitamuuliza Yeye, hana waraka."

Nikaahidi kumwombea. Maombi yanaruhusiwa ghorofa zote.

Saa nne akawasili Mkurugenzi, Bwana Fransisko, mwandishi wa waraka wenyewe, kukata utepe. Utepe ulikuwa juu. Tumbo lake lilitangulia, yeye akalifuata hadi katikati ya ngazi. Hapo akasimama, akashuka kinyumenyume akipapasa ukuta, akaketi kando ya Mzee akitweta, jasho likimtiririka katika baridi ile. Akaona kikombe cha togwa miguuni pa Mzee. Akakinyakua, akanywa mpaka machicha.

Swalehe akaacha kunadi mashati.

"Mheshimiwa, wallahi, hicho kina uzi."

"Uzi gani?"

"Wa mgonjwa."

Mkurugenzi akanishika koti. "Saimon! Unaambukiza?"

"Swali zuri sana, mheshimiwa. Panda."

"Sipandi! Sema hapa hapa!"

"Hapa chini sijui, mheshimiwa. Na habari ni kwa mgonjwa tu."

"Basi mimi ni mgonjwa!"

"Hongera, mheshimiwa. Sasa zimebaki ngazi."

"Naufuta waraka! Nimeshaufuta! Sema, tena kwa sauti!"

Hapo hapo nikajua. "Hauambukizi," nilisema, na sauti yangu ikavuka barabara. "Si kwa kikombe, si kwa pumzi, si kwa kulala chumba kimoja. Mzee aliuvuta kwenye vumbi la kiwanda. Kuuponya hatujaweza. Lakini maumivu yana dawa, na maji yakijaa kifuani, hospitali wanayatoa."

Mama Ida alikata ule uzi kwa meno, akamimina togwa. Jane alikuwa ameshavuka. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akajifuta machozi kwa kanga ile ile.

"Kesho nitawaleta watoto, baba," alisema.

Mzee akasogea kidogo, Jane akaketi kwenye ngazi.

Mama Ida akakijaza tena, akamgeukia Mkurugenzi. "Na wewe, mheshimiwa? Meza ya huyu kijana inabaki huko huko juu?"

Swalehe alikuwa tayari anasukuma marobota yake pembeni. "Nafasi ipo, inshallah. Tunasubiri kusikia."

Bwana Fransisko alitazama ngazi, akatutazama sisi. Akanywa mbele yetu sote, kisha akasema: "Naahidi. Kesho meza inashuka, na yeyote mwenye swali atajibiwa pale pale alipoketi."