Majibu ya Kijiji cha Zarechka

Jumapili, 13 Agosti 1961

Barua kutoka wilayani. Ndugu Gorbylev, mkuu wa wahadhiri, anakuja Jumamosi. Anatafuta mtu wa kuzunguka wilaya akiwafundisha watu kwamba Mungu hayupo. Mtu huyo atapewa nyumba mjini, yenye maji ya bomba. Mimi, Venyamin Pukhov, miaka kumi na moja msimamizi wa ukumbi wa kijiji, mshika funguo, mfagiaji na mpiga kinanda, bado nachota maji kisimani. Nafasi hii ni yangu. Mpinzani ni mmoja tu: Rimma, mwalimu wa shule. Hamwamini Mungu tangu utotoni, hajisifu kwa hilo, na watu wanamheshimu. Mtu wa hatari sana.

Jioni nikatoa hotuba. Nikawaambia jambo limekwisha thibitika: mwezi wa Aprili rubani wetu alipanda juu ya mawingu, akaizunguka dunia, hakukuta mtu. Bibi Pelageya Zotova, mjane wa nyumba ya mwisho, akauliza alizunguka mara ngapi. Nikajibu mara moja. Akasema yeye akimtafuta kuku wake tu huzunguka banda mara tatu. Ukumbi mzima ulicheka. Rimma naye, ila aliziba mdomo.

Jumatatu, 14 Agosti

Mpango mpya: mfano wa vitendo. Hapa wazee hawagusi tufaha kabla ya Sikukuu ya Matufaha, tarehe 19. Wakali zaidi ni akina mama waliofiwa na watoto. Eti mama akila mapema, malaika akigawa matufaha kule peponi atamruka mtoto wake. Nikasimama mbele ya foleni ya mkate, nikala matatu. Nikawaambia haya, mmeona, nimepatwa na nini?

Saa nane mchana nikapatwa.

Jumanne, 15 Agosti

Nimeshinda chooni. Kila nyumba ina maelezo yake. Bibi Pelageya kaleta chupa ya dawa ya matunda makavu ya mwituni, akamwambia mke wangu Zinaida kwamba Mungu hahusiki, matufaha yalikuwa mabichi. Nimekunywa. Imenifaa. Kushindwa na mtu kuna aibu yake. Kutibiwa na huyo huyo aliyekushinda, sina neno lake.

Hata hivyo, nikiwa huko huko, wazo likanijia. Fomu! Swali moja tu: "Ikithibitishwa kabisa kwamba Mungu hayupo, utaishije?" Watu wazima sitini na wanne. Watajibu kwamba watafanya kazi kwa bidii, wataacha pombe, watapenda sayansi. Gorbylev atapokea bahasha nene.

Jumatano, 16 Agosti

Nimegawa fomu. Rimma akaniuliza nitafanya nini wakijibu ukweli. Nikamwambia ndiyo kasoro ya walimu, wanahangaikia majibu kabla ya swali kufika.

Kwa Bibi Pelageya nimekuta vikapu vinne vya matufaha na hakuna hata moja lililoumwa. Alikuwa anakanda unga, kwa hiyo nikamsomea swali. Akaupindua ule unga. Halafu akasema, "Basi Yegor atapewa tufaha na nani?"

Yegor ni mwanawe. Alikwenda vitani mwaka wa arobaini na tatu, na hana kaburi linalojulikana. Jibu kama hilo sikuwa nimelitengea nafasi. Nikaandika kwenye kidaftari changu: bado anafikiri.

Alhamisi, 17 Agosti

Mavuno ya ngano yamepamba moto, hakuna mwenye muda. Fomu zilizorudi: tisa. Mkamuaji mmoja kajibu kwamba atakamua saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, maana ng'ombe hasomi magazeti. Fundi wa trekta bado atamwogopa mkewe. Mlinzi wa ghala anasema ataendelea kutoiba, ila anaomba kufuli jipya. Mmoja anauliza, kama Mungu hayupo, mvua iombwe ofisi ipi. Wote tisa wataishi kama wanavyoishi. Hakuna aliyebadilika hata kidogo! Siwezi kumpelekea Gorbylev watu wa namna hii.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimeziandika mwenyewe, zote hamsini na tano zilizobaki. Nyingine kwa mkono wa kushoto, nyingine kwa penseli, nyingine nikiwa nimevaa miwani ya Zinaida ili herufi zipinde. Sijapata kuandika vizuri hivi. Watu wanaacha vodka, wanajifunza hesabu. Nilipofika jina la Pelageya Zotova nilikuwa nimeshika kasi: "Picha takatifu iliyo kwenye kona ya nyumba yangu haina kazi tena. Naitoa kwa makumbusho ya wilaya, watu wakaone tulivyodanganywa." Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Zinaida akaja kuchukua miwani yake. Akauliza kama na yeye nimemjibia. Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeandika kwamba atampenda mumewe zaidi. Akasoma mara mbili, akasema walau hiyo wataamini kuwa ni ya kubuni, akaenda kulisha bata.

Jumamosi, 19 Agosti

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Gorbylev alifika saa nne asubuhi. Ukumbi ulijaa, maana mwenyekiti wa shamba la ushirika alitoa amri. Bibi Pelageya aliitwa kabla hajamaliza sala zake za sikukuu. Alikuja na kitambaa chake cheupe kichwani, akakaa mstari wa pili. Mimi nilidhani Gorbylev atazibeba fomu akazisome ofisini. Hapana. Akaanza kuzisoma hapo hapo, kwa sauti.

Mkamuaji wa pili akasikia kwamba anajifunza elimu ya nyota. Fundi seremala, ambaye alikuwa amelewa wakati huo huo, akasikia kwamba ameacha pombe. Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka. Walikuwa wananitazama mmoja mmoja, kila aliyesomwa, halafu wanatazama magoti yao.

Akafika kwa Zotova. Aliposoma sahihi ndipo nilipokumbuka. Bibi Pelageya hajui kuandika. Kwenye daftari la siku za kazi hutia alama ya msalaba. Nimeiona miaka kumi na moja. Kijiji kizima kinajua. Rimma alijua, nikaona masikio yake yakiwa mekundu.

Gorbylev alifurahi. Akamwita Bibi asimame. Akauliza, "Mama, haya ni maneno yako?"

Nilishika meza. Ningeweza kusema neno moja. Neno lenyewe lilikuwa fupi, "yangu", na lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza.

Bibi Pelageya akanitazama. Si kwa hasira. Kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake kujua una uzito gani. Akasema, "Ni yangu. Nilimwambia, yeye akaandika."

Basi Gorbylev akasema twende tukaichukue sasa hivi. Tukaenda. Kwa kuwa Gorbylev ana mgongo mbovu, mimi ndiye niliyepanda kwenye kigoda nikaishusha ile picha ya Bikira. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Nyuma yake ukutani pakabaki alama ya mraba, safi. Chini yake, kwenye kibao, tufaha moja limeoshwa, halijaumwa. Bibi alishika mlango ili nipite nayo vizuri. Akaniambia niangalie kizingiti.

Gorbylev alinipa mkono mara mbili.

Jumapili, 20 Agosti

Sikula jana, na leo sina hamu. Zinaida hajaninunia, ananipakulia chakula kama mgeni, na hilo ni baya zaidi.

Nikaona nifanye jambo. Ukumbini kuna picha kubwa ya trekta, yenye fremu nzuri. Nikaichukua, nikampelekea Bibi Pelageya aifunike ile alama ukutani. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya ukuta mtupu. Nikasimama mlangoni na trekta langu mkononi mpaka alipomaliza. Akanikaribisha chai.

Nikamwuliza kwa nini aliniokoa. Akasema aliona nilivyoishikilia ile meza, na Zinaida ni mtu mwema, angekwenda wapi na mume asiye na kazi? Nikamwuliza kuhusu picha. Akasema ilikuwa ya mama yake, inamuuma, lakini ukuta nao utatosha kwa siku alizobakiza. Tufaha amelila jana jioni. Yegor kapata la kwake.

Halafu akaniwekea asali. "Nimesema uongo siku ya sikukuu, Venya," akasema. "Mimi wangu nina pa kuupeleka. Nimekaa nawaza, mwanangu, wewe wako utaupeleka wapi?"

Hakunisema. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza mwenzake kama ana mwavuli. Nililia kidogo, nikasingizia chai ya moto. Njiani nikakutana na Rimma. Nilijiandaa kwa maneno yake. Akanisalimu tu, akapita. Trekta nimelirudisha ukumbini. Nimeapa, sijui kwa nani, lakini nimeapa: nikiamka kesho nitamwandikia Gorbylev ukweli wote na kuomba picha irudishwe.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimeanza barua. "Ndugu Gorbylev, kwa heshima." Wino ni mzito. Nitaendelea kesho.

Jumanne, 22 Agosti

Barua kutoka wilayani imeitangulia yangu. Nafasi nimepata! Nyumba ni ghorofa ya pili, mabomba mawili. Nilimwonyesha Zinaida, akasoma, akauliza kama Bibi Pelageya ameambiwa. Nikamjibu kila jambo na wakati wake. Nikishakuwa mhadhiri nitakuwa na sauti, na mwenye sauti ndiye anayeweza kudai picha makumbusho. Kukiri sasa kungemnyima Bibi mtetezi aliyeko mjini. Nimelipima kila upande. Ile barua niliyoianza nimewashia jiko.

Gorbylev amevutiwa mno na majibu ya Zarechka. Anataka fomu kama hizo kutoka vijiji vingine kumi na kimoja. Zimfikie Ijumaa. Watu mia saba, wote wako mashambani, na mimi siku tatu tu na baiskeli isiyo na breki.

Lakini aibu ya Jumamosi imenifunza, sitarudia kosa lile. Nimemwandikia kila mwenyekiti wa kijiji aniletee orodha kamili. Safari hii nitawajibia wale wanaojua kusoma na kuandika tu.