Skafu ya Mashauri na Shingo ya Mheshimiwa

Jongeeni, enyi wenye masikio, na nyinyi mnaojifanya hamna! Sufuria iungue, simu ilie mpaka ichoke. Leo yasimuliwa habari ya vita vikuu vilivyopiganwa kwa ajili ya kitambaa kimoja cha pembe tatu, na ya shujaa aliyevipigana, Mashauri mwana wa Ngusa, fahali wa Magindu, mnywa mtindi, mwenye miguu kama fito, skauti wa kidato cha tatu katika sekondari ya serikali iliyo kando ya Kibaha, ile yenye geti kubwa lakini haina uzio.

Nchi hii, mtu mkubwa akialikwa mahali, hata kama ni kufungua bomba, hawi mgeni rasmi mpaka skauti amfunge skafu shingoni na kumpigia saluti. Kabla ya hapo ni baba wa watu tu mwenye kitambi. Akishavikwa, ndipo gwaride hukaguliwa, risala husomwa, ahadi humwagwa. Bila skafu, hata pilau haifunuliwi. Na shule ile ilikuwa na skafu moja. Zilikuwa mbili, ya pili mwalimu wa zamu alifungia begi kwenye pikipiki.

Mwaka uliopita kazi hiyo tukufu aliifanya Brighton wa Visiga, mwana wa mwenye duka, mrefu wa kimo, mwenye saa ya dhahabu isiyotembea. Safari hii, Siku ya Klabu ilipokaribia, Mkuu wa Shule, Mwalimu Raphael, mwenye sauti ya tarumbeta na tai iishiayo kifuani, alimwita Mashauri mbele ya jeshi zima, akamvika kofia ya ukamanda, akanena:

"Mashauri! Skafu ikikaa shingoni mwa mheshimiwa, kofia hii ni yako mpaka umalize shule. Isipokaa, anavaa Brighton, na wewe unarudi kumwagilia miti ya klabu ya mazingira!"

Miti yenyewe ilishakufa yote, lakini zamu ya kuimwagilia ilikuwa hai.

Mashauri akaipenda kofia ile kuliko chakula. Kwa wiki nzima alifanya mazoezi kwa ndama wa baba yake. Ndama akikataa, Mashauri hujibanza nje ya zizi, na mnyama anapotoa kichwa kati ya miti kutafuta majani, hapo hapo anavikwa, na saluti juu.

Siku ikafika. Mgeni aliahidi kuja asubuhi, kwa hiyo mchana majeshi yalikuwa bado yamesimama juani: skauti, watu wa mdahalo, watu wa ngonjera. Wasichana wakawa wanadondoka kama mapapai. Mara vumbi likatimka, na tazama, gari!

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo historia ilipoteleza. Gari lile lilikuwa na heshima kwa nje, lakini mlango wake wa nyuma ulikuwa haufunguki kwa ndani. Mheshimiwa Shomari, wa ofisi fulani ya juu, juu kiasi gani hatukuambiwa, hutapika akikaa nyuma, kwa hiyo alikaa mbele, kando ya dereva. Nyuma alikaa Bi Kidawa wa Masaki, ile ya Kisarawe, si ile ya maghorofa. Walipopotea njia upande huo walimkuta barabarani na kiroba chake cha mihogo, akisubiri bodaboda imlete Visiga kwa mjukuu wake. "Nipakieni niwaonyeshe," akawaambia, wakampakia.

Gari liliposimama, dereva akaruka, akazunguka mbio, akamfungulia Bi Kidawa mlango. Na mtu anayefunguliwa mlango katika nchi hii ni nani, kama si mkubwa? Ngoma zikalia! Mashauri akatoka kwa hatua za simba, akaivuta pumzi, akafunga skafu, akapiga saluti iliyopasua shati kwapani.

"Haya, ahsante, baba," akasema Bi Kidawa, akaenda kukagua gwaride na kiroba chake.

Huku mbele kikashuka kibaba kifupi, simu sikioni. Brighton akamwelekeza kwa kidole: "Braza, walinzi wanakaa kule kwenye kivuli cha choo."

"Huyo ndiye mheshimiwa!" tarumbeta ya Mwalimu Raphael ikalia. "Mashauri, umeniua!"

"Vua kofia, mzee baba," Brighton akanong'ona. "Umechemka."

"Nyamaza, mwenye saa mfu! Vita havijaisha."

Shujaa akaiendea meza kuu, ambako Bi Kidawa alikwisha kalia kiti chenye kitambaa cheupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema upesi, soda yangu inapata joto."

"Ewe bibi mtukufu wa Masaki! Kitambaa hicho kilikuwa safarini kwenda shingo nyingine. Nakusihi ukirudishe kwa amani, maana kofia yangu imening'inia juu yake."

"Ala! Mnivike kwa ngoma, mnivue kwa kunong'ona? Tangu niolewe sijapigiwa hata makofi, leo nimepigiwa saluti, nivue? Nimpe nani, yule? Yule ana shingo? Kichwa kimekaa mabegani kama kifuniko juu ya chungu! Utafunga wapi?"

Mashauri akatazama. Kweli, shingo haikuonekana. Lakini akili ya mchungaji haichelewi.

"Basi baki nayo, bibi. Modesta! Njoo umsomee mgeni rasmi risala."

Modesta wa mdahalo akaja na makaratasi mazito kama godoro.

"Risala ndiyo nini?" Bi Kidawa akauliza.

"Shida zetu zote, bibi. Vyoo vya wasichana havina milango, wanashikiana kanga. Maji hakuna. Maabara ina mjusi tu. Mwenye skafu husikiliza yote juani, kisha husimama akaahidi. Halafu kuna ngonjera."

"Ndefu?"

"Ya mwaka jana ndiyo kwanza inaelekea mwisho."

Skafu ikafunguliwa kwa kasi ya umeme. "Shika! Mimi nimekuja kumwona mjukuu, sikuja kuahidi vyoo."

Lakini kumbe Mheshimiwa Shomari alisikia yote. "Mwacheni mama wa watu avae," akasema kwa upole wa mtu anayetoroka. "Mimi sina makuu. Ngoja nipokee simu garini." Simu haikulia. Akajitupa kiti cha nyuma, penye vioo vyeusi, akafunga mlango. Pwaa!

Brighton akaunyoosha mkono, kuidai kofia. Mashauri hakumtazama. Aliukumbuka ule mlango, ambao bibi aliutikisa bure kwa ndani mpaka dereva akaja kuufungua, akamkumbuka na ndama, akajibanza chini ya dirisha.

Ndani joto likapanda. Kitasa kikatikiswa, wapi! "Dereva! Dereva!" Dereva alikuwa jikoni, akinusa pilau. Kioo kikashuka, mkono ukatoka kutafuta kitasa cha nje, haukufika. Bega likafuata, kisha kichwa, na baada ya kichwa, enyi walimwengu, ikachomoza shingo! Fupi, nyekundu, ya kweli!

Mashauri akainuka kama radi. Akafunga. Akapiga saluti.

Kelele zilisikika mpaka barabara ya Morogoro. Modesta akasoma risala dirishani, yote, na Brighton akaamriwa kumshikia mheshimiwa mwavuli. Mheshimiwa, kichwa nje na tumbo ndani, akaahidi milango, maji, maabara, akaahidi hata uzio ambao hakuombwa, ilimradi afunguliwe. Bi Kidawa alikuwa anaongeza pilau.

"Siku hii," Mwalimu Raphael akanguruma, "shule yetu imeingia katika historia!"

Imeingia kweli. Mlango ulitengenezwa juma lile lile: wa gari. Vyooni wasichana bado wanashikiana kanga, mjusi amezaa maabara, na uzio hatujauona. Lakini shingo ilivikwa, kofia iko kichwani mwa Mashauri mwana wa Ngusa, na kila apitapo, hata wanaoshika kanga huachia mkono mmoja wampigie saluti.