Feni Yangu kwa Raketi ya Koang

Jumatatu, 8 Septemba. Lodwar.

Nafasi ni moja! Jelagat wa idara ya fedha, nahodha wetu wa mpira wa vinyoya, ametangaza leo wakati wa chai. Timu ya wafanyakazi wa kaunti inakwenda Kitale mwezi ujao. Inatakiwa mchezaji mmoja tu. Mchujo ni Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Tuliojitokeza ni wawili: mimi Barasa wa idara ya mifugo, na Ajwang wa idara ya maji, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu anayepiga mluzi akioga.

Tatizo: Kitale ndiko kwa mkwe wangu. Na mkwe nilishamwambia tangu Julai kwamba nimechaguliwa. Amealika wanaume wote wa kanisa lake! Huyu ndiye mzee aliyesema siku ya mahari, mbele ya watu, kwamba Barasa ni mtu wa nusu. Nusu nyumba, nusu shamba, nusu diploma. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu mwanangu Byron hajazaliwa. Nataka mzee anipigie makofi mara moja tu kabla hatujazeeka wote wawili.

Ajwang hunishinda, ndiyo. Lakini kwa nini? Nimeazima raketi yake kwa hila, eti nataka kuona rangi. Nimeipeleka pamoja na yangu kwenye mizani ya bucha. Uzito sawasawa. Mwenye bucha akauliza aniongezee mfupa. Nikapiga nyuzi kwa ukucha. Ya Ajwang inalia ting. Ya kwangu, pwa. Siri ndiyo hiyo! Nimemweleza Jelagat. Akasema mchagua jembe si mkulima. Sijui jembe limeingiaje hapa.

Jumanne, 9 Septemba. Kakuma.

Nimeaga ofisini kwamba nakwenda kukagua mbuzi. Mbuzi niliwaona njiani, kwa hiyo si uongo mtupu.

Koang ni Msudani Kusini, ana duka la viatu na vifaa vya michezo katika kambi ya wakimbizi. Hufunga nyuzi za raketi kwa mikono yake mwenyewe. Ananiita ustaz, ndivyo wanavyowaita watu wa ofisi kwao. Alinipeleka nyuma ya duka nikajaribu. Vumbi tupu, na ule upepo wa mchana unaotaka kung'oa turubali. Nilisimama upande wa choo, upepo usoni, nikapiga kinyoya kwa raketi yangu. Kilikwenda hatua chache, kikafikiri, kikarudi kuniangukia viatuni. Aibu!

Koang akanipa raketi moja nyekundu. Tukabadilishana pande, kwa kuwa jua lilikuwa linanichoma macho. Nikapiga. Ee Mungu wangu! Kinyoya kilipita juu ya kichwa cha Koang, kikaruka ua wa mabati, kikaenda kwa majirani Wakongo. Nikapiga kingine. Nacho kwa Wakongo! Kichwa cha raketi kizito kidogo, shingo inanesa, mpini umejaa kiganjani kama mwiko wa ugali.

Koang akatikisa kichwa. "Ustaz, hii si raketi. Hii ni upepo. Ya kwako mzuri. Rudi pale, piga tena na hii nyekundu."

Mimi mtoto wa Bungoma nidanganywe? Muuzaji gani huponda mali yake mwenyewe? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu alikuwa anaificha kwa ajili ya mtu, labda Ajwang! Kadiri alivyokataa, nami nilipandisha. Nikampa raketi yangu tubadilishane. Akakataa. Nikaongeza feni yangu ya kusimama. Akanitazama sana, akauliza kama nyumbani Lodwar nina nyingine. Nikasema feni ni ya wanyonge. Mwishowe akachoka, akasema sawa. Nimemshinda mfanyabiashara wa Kakuma dukani kwake!

Alhamisi, 11 Septemba. Lodwar.

Feni iliondoka jana asubuhi juu ya lori la ndizi za Katilu. Usingizi uliondoka nayo. Chumba ni tanuri. Nimelala sakafuni juu ya shuka lililoloweshwa, na alfajiri lilikuwa limekauka kama chapati.

Baya zaidi, mazoezi ya jana jioni. Jelagat hufunga milango yote ya ukumbi mchezo ukianza, desturi yake. Nikapiga. Raketi nyekundu haikufanya kitu! Kinyoya kilikwenda wavuni kama mtu anayekwenda kazini Jumatatu. Nikapiga tena. Wavuni. Ajwang hakucheka, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nimekaa nikawaza mpaka jasho likanitoka mara mbili, la joto na la hofu. Jibu: barabara. Raketi imepikwa na jua la safari, nyuzi zimelegea. Nimeipeleka kwa Ekeno, anayeuza samaki wa Kalokol sokoni. Nikamsalimu kwa Kiturkana, ejok, nikamwomba anilazie raketi ndani ya friza hadi kesho. Akauliza kama inaumwa. Nikasema kidogo.

Ijumaa, 12 Septemba.

Imetoka! Baridi kama barafu, inalia ting safi kabisa. Inanuka tilapia. Paka watatu wamenifuata mpaka kwenye geti la ofisi, na mlinzi ameniandika kama mgeni mwenye mifugo.

Jioni pigo. Ajwang amerudi kutoka Kakuma, alikokwenda kurekebisha kisima. Mkono mmoja raketi yangu ya zamani, mkono wa pili feni yangu! Akasema Koang amemwagiza anirudishie vyote, moyo unamsuta. Raketi nyekundu nibaki nayo tu, nikipita Kakuma nimletee samaki.

Nikaona mtego papo hapo. Hakuna anayetoa kitu bure. Wamepanga hawa wawili! Nikishika feni, kesho Koang atasema mkataba umevunjika, rudisha nyekundu. Nikakataa katakata. Ajwang akaniuliza mara ya pili, kwa upole, kama nina uhakika, maana macho yangu yamekuwa mekundu. Nikamwambia achukue vyote viwili, avitumie, afurahi navyo.

Sasa naisikia feni yangu ikivuma ng'ambo ya ukuta. Jirani yangu anapiga mluzi.

Jumamosi, 13 Septemba.

Niandike haraka.

Mchezo mmoja, wa kwanza kufika ishirini na moja. Mmoja akifika kumi na moja, mnabadilishana pande. Jelagat aliomba, tukasema amina, akafunga milango. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Kwa sababu ya kukosa usingizi nikaanza kuona nyavu mbili. Nikamsihi Jelagat afungue mlango mkubwa nisije nikazimia. Akasema upepo utaharibu mchezo. Ajwang akasema, mfungulieni jamani, mtu asife. Nikachagua upande wa mlangoni, nipate hewa mgongoni.

Raketi ikaamka! Kila nilichopiga kilikwenda kama kimetumwa. Ajwang alirudi nyuma mpaka akagonga madhabahu. Alikuwa na ile raketi yangu ya zamani, na vinyoya vyake vilikufa njiani. Kumi na moja kwa tatu! Akilini nilimwona mkwe wangu waziwazi, amesimama, anapiga makofi.

Tukabadilishana pande. Na raketi ikafa. Mikononi mwangu! Kila nilichopiga kilirudi kunitazama. Ajwang sasa anapiga radi, na kwa raketi gani? Ya kwangu! Kumi na nne kwa kumi na tatu, yeye mbele. Nikasimamisha mchezo, nikadai tubadilishane raketi, ile ni mali yangu kwa asili. Jelagat akafumba macho, nadhani alikuwa anaomba. Ajwang akasema hewala, akanipa.

Akanimaliza kwa ile nyekundu.

Nilikaa sakafuni. Niliumia, na sioni haya kuandika hivyo. Nusu ya kwanza nilikuwa bingwa. Nusu. Mzee alijua.

Jumapili, 14 Septemba.

Jelagat amesema naweza kwenda Kitale kama mwamuzi wa mstari. Nimempigia mkwe, nikamweleza ukweli wote. Akasema: "Baba Byron, mimi huo mchezo wenyewe siujui. Niliwaita watu waje wakuone wewe. Hata kama ni wa kuokota vinyoya, njoo. Mama ameshafungia jogoo."

Machozi yalinilenga. Niliona raha ambayo sijaiona siku nyingi. Ilidumu kama dakika moja hivi. Wa kuokota vinyoya! Yaani nusu mchezaji!

Nikatoka kibarazani nikafikiri kama mtu mzima. Nyekundu ilimpa ushindi kila mmoja wetu. Ya zamani ikatuangusha sote, kisha ikampa Ajwang ushindi, kisha ikaniangusha tena. Kwa hiyo si raketi! Nakiri, nilikosea. Kuna kitu kingine mle ukumbini, kitu ambacho kwanza nilikuwa nacho mimi, halafu tulipobadilishana pande akawa nacho yeye. Nilikuwa nakikaribia, nakikaribia kabisa, upepo ukanipeperusha kofia. Nikaikimbiza hadi mlangoni kwa Ajwang. Nilipoinama kuiokota, ndipo nikaviona, vimeanikwa juu ya ngazi, soli nyeupe, vimetulia.

Viatu!

Koang anavyo kama hivyo, niliviona kwa macho yangu. Kesho nakwenda kukagua mbuzi tena. Nitabeba godoro, sakafu nimeshaizoea. Jelagat nimemwomba mchujo mwingine, hajajibu. Mkwe nimempigia tena, nikamwambia awaalike na wanawake.