Sababu Tano za Kumkatalia Mfua Mashuka Wimbo Wake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tumehakikishiwa kwamba yuko njiani. Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako wote wawili. Wakurugenzi, Makaimu Wakurugenzi na wale mnaotarajia kukaimu. Wenye studio, watunzi, waimbaji, wapiga gitaa na wapiga picha. Ndugu waandishi wa habari mliokaa karibu na meza ya soda. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka, ajihesabu ametajwa. (Makofi ya wastani.)

Ninasimama mbele yenu nikiwa Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uratibu, Uchambuzi na Uteuzi wa Nyimbo za Orodha Kuu ya Mtandaoni, wadhifa ambao nimeukaimu miaka mitatu kwa unyenyekevu ambao wenzangu wengi wameusifu, ili kujibu swali linaloletwa ofisini kwetu kwa barua, kwa simu na, wiki iliyopita, kwa kugonga dirisha: kwa nini nyimbo zenu zinakataliwa? (Sauti: "Hapo hapo." Makofi marefu.)

Kwa faida ya waliokuja kwa ajili ya kiyoyozi, orodha ya namna hii ni mpangilio wa nyimbo ambao mtu anaufungua kwenye simu, anabonyeza mara moja, na nyimbo zinajipiga moja baada ya nyingine wakati yeye anaendelea kupika, kunyoa watu au kuendesha lori, kiasi kwamba wimbo ukishaingia humo umefika kwenye masikio ambayo mtunzi hatayaona maisha yake yote, na ndiyo maana mlango wake unahitaji bawabu, na bawabu huyo, kwa mujibu wa mwongozo wa kimkakati wa utekelezaji shirikishi, ni mimi. (Minong'ono.)

Sasa takwimu. Tangu tuanze tumepokea nyimbo elfu nne mia tatu na kumi na sita, na zilizokataliwa baada ya mchakato wa kina ni elfu nne mia tatu na kumi na sita, sawa na asilimia mia moja, kiwango ambacho mamlaka nyingine zinakisoma tu kwenye semina. (Kicheko. Mzungumzaji anasubiri makofi. Hayaji.)

Ili nisiongee hewani, nichukue mfano hai. Yupo dada mmoja, mfua mashuka wa hospitali, ambaye wenzake wanamwita Kasuku kwa sababu anaimba kutwa nzima kuishinda kelele ya mashine. Dada huyu ana baba aliyepiga gitaa katika kumbi za dansi tangu ujana wake, na daktari alishawaambia kwamba sikio la kulia la mzee limekwisha na la kushoto linafuata, labda baada ya mwaka, labda kabla. Basi binti akatunga wimbo, mzee akapiga gitaa, wakarekodi katika studio iliyo nyuma ya kinyozi, chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro. Alipotuletea, aliandika kwenye fomu yetu kwamba anatamani baba yake ausikie wimbo huo ukitoka kwenye simu ya mtu asiyewajua kabisa, kabla sikio halijafunga. Nakumbusha kwamba sehemu ile ya fomu ni ya maelezo ya kiufundi.

Tulimkatalia. Gitaa la mzee lilikuwa linapiga sekunde arobaini kabla sauti haijaingia, na utafiti unaonyesha kwamba msikilizaji wa kisasa asiposikia sauti ndani ya sekunde saba anauruka wimbo. Ushauri huo ni wa kitaalamu na mngeulipia kwingine. (Sauti: "Ni kweli, lakini.") Asante, ni kweli. Tatizo ni kwamba zile sekunde arobaini zilikuwa ndiyo kipande pekee ambacho mzee anapiga peke yake, na binti hakujua aanzie wapi kumwambia. Mwishowe akamwandikia kwenye karatasi. Mzee alisoma, akacheka, akamwambia, "Kata, mwanangu. Wimbo ni wako." Akakata, na naambiwa siku hiyo hakuimba kazini.

Barua ya pili ilisema sauti imezama chini ya gitaa, tatizo ambalo nyimbo zenu nyingi zinalo, tusidanganyane, mnarekodi kama watu wanaoimba ndani ya pipa. Akarudi studio baada ya zamu, miguu imevimba, akarudia sauti yote. Barua ya tatu ilimwambia kwamba ameuweka kwenye kundi la nyimbo za huzuni wakati mtaalamu wetu ameuona ni wa furaha. Akauhamisha. Barua ya nne ikamwambia ameuweka kwenye furaha wakati mtaalamu wetu ameuona ni wa huzuni. (Kicheko kikubwa.) Msicheke, walikuwa wataalamu wawili tofauti, na hiyo ndiyo maana ya uchambuzi huru. Kati ya barua ya kwanza na ya nne ilipita miezi tisa, muda ambao uko ndani kabisa ya mkataba wetu wa huduma kwa mteja.

Barua ya tano niliisaini mwenyewe. Ilisema wimbo ni mzuri, ila haufanani na nyimbo zilizomo kwenye Orodha. Ni sababu ya heshima, inatumika duniani kote, na mara nyingi ni ya haki, maana wimbo wa kubembeleza mtoto ukiuweka katikati ya nyimbo za mazoezi ya viungo, mtu anaweza kulala na chuma mkononi. Watu wote wakipata barua hiyo wanashukuru na kwenda zao. Huyu hakwenda zake. Alikuja ofisini Jumatatu asubuhi, bado amevaa aproni ya kazini, akamsalimia katibu muhtasi wangu vizuri, akasema, "Naomba nisikilize zilizomo, nijue wangu haufanani na nini."

(Waandishi wanaweka soda chini.)

Katibu muhtasi alinitazama, nami nikaitazama kalenda. Nilimweleza kwamba Orodha iko kwenye maboresho ya kimfumo, nikaingia chumbani kwangu na kufunga mlango kwa sababu za kiutawala. Dada hakupandisha sauti. Alikaa kwenye benchi, akauliza kama basi kuna yeyote pale ndani aliyewahi kuusikiliza wa kwake, hata nusu. Nafafanua hapa kwamba awali wataalamu wetu walikuwa wanasikiliza sekunde saba, na baadaye, kwa wingi wa kazi, walikuwa wanapima kwa kusoma jina la wimbo. (Miguno.)

Ndipo katibu muhtasi, mama mtu mzima, mtumishi wa miaka ishirini asiye na karipio hata moja kwenye faili lake, ambaye ndiye aliyezichapa barua zote tano, akafungua wimbo kwenye kompyuta ya serikali bila kibali na kuigeuza spika iwaelekee watu. Mhasibu aliacha kalamu. Tarishi alisimama na mafaili yake mlangoni, hakuingia wala hakutoka. Habari zinazosambaa kwamba Kaimu Mkurugenzi Mkuu alionekana kwenye upenyo wa mlango wake akipangusa macho hazina ukweli, kwani kiyoyozi chetu kinatoa vumbi, nimeshaandikia idara ya matengenezo. Wimbo ulipokwisha, mhasibu aliomba urudiwe. Ukarudiwa. Katibu muhtasi akamwomba radhi yule dada mbele ya watumishi wote, jambo ambalo si la kiutaratibu, akamwambia aulete wimbo tena, safari hii ataupeleka mezani kwangu yeye mwenyewe. Dada akamshukuru. Akasema, "Baba anasikia kidogo tu sasa. Sina muda wa barua ya sita, mama."

Akaondoka. Kilichofuata nimekipata kwa watu wa hospitali. Pale kwenye dirisha la dawa kuna spika ya kuitia namba za wagonjwa, na dada wa mapokezi alikubali kupiga wimbo katikati ya namba na namba. Kasuku hakumpa ule tuliomkatiakatia sisi. Alimpa wa kwanza kabisa, wenye sekunde arobaini za gitaa. Ulipigwa siku tatu. Siku ya nne mzee aliletwa kliniki ya masikio, akaketi kwenye foleni karibu na dereva wa lori mwenye mkono kwenye bandeji, ambaye alikuwa ameshaomba kutumiwa wimbo ule na anaupiga kwenye simu yake kupoteza muda. Dereva akaona mzee amekaa mpweke, hasikii namba zikiitwa. Akainama, akamwekea simu kwenye sikio la kushoto, akamwambia, "Mzee, hebu sikiliza hiki kitu."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ameishika simu ya watu kwa mikono miwili. Hakumwambia dereva kwamba gitaa ni lake. Alimgeukia binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni na furushi la mashuka, akasema tu, "Mwanzo wameuacha wote."

(Makofi yanaanzia nyuma, yanasambaa ukumbi mzima. Mzungumzaji anainama mara tatu.)

Asanteni, asanteni sana, makofi hayo nayapokea kwa niaba ya Mamlaka, kwani tumeshaingiza tukio hilo kwenye ripoti ya mwaka kama matokeo ya moja kwa moja ya sera yetu ya kuwajengea wasanii ustahimilivu. (Sauti: "Wa kwetu lini?") Swali zuri, nitalijibu kwa maandishi. Sasa tusimame. Nikisema "Orodha", mseme "Yetu". Orodha! (Wachache: "Yetu.") Nyimbo bora! (Hakuna aliyeelekezwa aseme nini.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru nyinyi kwa uvumilivu, nawashukuru wataalamu kwa kukataa bila kuchoka, na kwa namna ya pekee naishukuru Bodi, ambayo asubuhi hii, kwa kauli moja, imeridhia kwamba ifikapo mwaka kesho kutwa iundwe kamati ndogo ya kutazama kama ipo haja ya kuwa na Orodha.