Mtihani wa Vinyozi wa Sabana Honda

Mheshimiwa Meya, uliyetuma kiti chako kikuwakilishe, Mheshimiwa Naibu Meya, uliyekikalia, Baba Paroko, Kamanda wa Zimamoto, pamoja na gari lako linalowaka kwa kusukumwa, Doña Nurys, mwenye duka la hapo kona na mfadhili wa vinywaji baridi vilivyokwisha kabla sijasimama, wajumbe wa Kamati ya Sikukuu ya Mtakatifu Martín, vinyozi wote wenye leseni, yaani shemeji yangu Wandy, vinyozi wote wasio na leseni, yaani ninyi wengine wote, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau basi nimemsahau kwa mujibu wa kanuni. (Makofi ya watu wanne. Wawili ni wafanyakazi wangu.)

Mimi, Aquilino Frómeta, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Uratibu na Uimarishaji wa Huduma za Kichwa katika manispaa hii, mtu ambaye gazeti la manispaa lilimwita mwanga wa usafi katika makala niliyoiandika mwenyewe, ninasimama mbele yenu adhuhuri hii, siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu, kuzindua rasmi Mtihani wa Leseni ya Vinyozi. (Sauti kutoka nyuma: "Miezi minane unazindua!") Ahsante. Nakubali. Miezi minane, kwa sababu mchakato ni mchakato, na upembuzi yakinifu haukurupukwi.

Mtakumbuka kwamba mwezi wa Machi, baada ya mimi kurudi kutoka semina elekezi ya siku tatu katika hoteli ya ufukweni mkoa wa jirani, semina ambayo katika hizo siku tatu niliihudhuria saa mbili zilizo bora kabisa, ofisi yangu ilitoa waraka kwamba hakuna mtu atakayeshika mashine wala wembe katika Sabana Honda bila leseni, na kwamba leseni itapatikana kwa mtihani tu. Siku hiyohiyo nilipita mwenyewe, kwa miguu, nikiwa na mpiga picha, nikabandika karatasi nyekundu kwenye milango yote mitano ya vinyozi, ukiwemo ule wa kaka yetu Fermín Lantigua, aliyekaa mstari wa mbele pale, ambaye kiti chake cha kuzunguka kimenyoa mji huu kwa miaka thelathini na mitatu, baba yangu akiwemo, siku ya harusi yake ya pili. (Watu wanamgeukia Fermín. Fermín anaangalia daftari lililoko magotini mwake.)

Na mafanikio? Jamani, mafanikio! Malalamiko dhidi ya vinyozi yamepungua kwa asilimia mia moja, kwa kuwa vinyozi hawapo, ukimtoa shemeji Wandy, anayenyoa jamaa zetu tu. Ajali za wembe, sifuri. Nywele za wananchi zimeongezeka kwa wastani wa sentimita tisa kwa kila kichwa, ukuaji ambao hakuna sekta nyingine katika manispaa hii iliyoufikia. (Doña Nurys: "Mwanangu anafanana na kondoo, Mkurugenzi!") Kondoo ni mali, Doña Nurys.

Sasa basi, ili kuonyesha ubora wa mtihani wenyewe, nitasoma maswali ya mfano kutoka kitini hiki nilichokiandaa kwa mkono wangu. Swali la kwanza. Kinyozi afanye nini na wembe aliomaliza kumnyolea mteja? Jibu rasmi: aufute kwa shati lake, upande ulio safi zaidi. (Kelele. "Yesu na Maria!" Fermín amesimama.)

Ndiyo, Fermín, sema, hii ni demokrasia shirikishi.

(Fermín: "Samahani, Mkurugenzi. Kila mteja na wembe wake mpya, na pakiti ifunguliwe mbele ya macho yake. Uliotumika unaingia kwenye kopo gumu lenye mfuniko, siyo kwenye mfuko, mtu wa taka asije akajikata." Makofi. Haya ni makofi ya kweli, ninayajua kwa sababu siyo yangu.)

Jibu la Fermín limepokelewa kama marekebisho madogo. Swali la pili: mashine isafishwe vipi? Jibu rasmi: ipulizwe kwa mdomo, kwa nguvu, mara mbili. (Kicheko. Kamanda wa Zimamoto anafuta machozi. Fermín, akiwa bado amesimama: "Brashi kwanza, mpaka unywele wa mwisho utoke, maana dawa haipenyi kwenye uchafu. Halafu meno yanafunguliwa na kuoshwa, yanatiwa dawa ya kuua vijidudu, na yanaachwa humo dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Dakika kumi ni kumi, hata kama foleni imefika dukani kwa Nurys.") Swali la tatu, la dharura: umeme ukikatika mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa? Jibu rasmi: apewe kofia na pole. (Fermín: "Mashine ya mkono iwe droo ya kwanza, imetiwa mafuta. Kwangu hajatoka mtu nusu. Hajawahi." Wazee wa meza ya dhumna wanagonga meza: "Kweli! Kweli kabisa!")

Ndugu zangu, naona kaka yetu amejiandaa. Ameliandika daftari zima. Nalifahamu hilo daftari vizuri, kwa sababu kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi wa nchi hii hupumzika, amekuja nalo ofisini kwangu, amevaa shati lililopigwa pasi, akaniuliza swali moja tu, mtihani lini. Na mimi kila Jumatatu nimeegemea kiti na kumjibu kwa sauti hii hii mnayoisikia kwamba suala liko katika hatua za mwisho za hatua za awali. (Sauti: "Vua kofia ukiongea na watu!") Kofia hii ni ya kiofisi. (Sauti tatu: "Vua! Vua! Tangu wiki mbili zilizopita hujaivua!") Kofia itavuliwa kwa waraka! Tunaelekea sasa kwenye malengo ya muda mrefu, ambayo ni kumi na manane, na la kwanza ni

(Umeme umekatika. Kipaza sauti kimekufa mkononi mwangu. Watu wameguna kama kawaida, wameanza kupiga soga na kujipepea. Nikaona Mungu amenifungulia dirisha. Nikashuka jukwaani, nikainama mbele ya Fermín kama mtu anayefunga kamba za viatu. Tuliyosema nayaweka hapa yote, kwa kuwa niliapa kumbukumbu rasmi ziwe kamili.

"Fermín, ndugu yangu, hebu chungulia hapa chini ya kofia. Upesi. Panawasha, nakaribia kulia."

Akainua ukingo wa kofia kwa kidole kimoja, akasogeza bega lake ili Naibu Meya asione.

"Nani alikunyoa?"

"Wandy. Leseni namba moja."

"Mashine aliipuliza?"

"Kwa mdomo. Mara mbili. Kama kitini kinavyosema."

Hakucheka. Ningekuwa mimi ningecheka mpaka nianguke. Akasema polepole, sauti ya kuniingia mimi peke yangu: "Bosi, haya ni mapunye. Usiogope, yanatibika. Lakini leo sikunyoi, na usikubali mtu yeyote akunyoe. Nenda zahanati, wakupe dawa za kumeza, umalize zote. Kofia hiyo na mito yako vifuliwe kwa maji ya moto. Na umwambie Wandy asiguse kichwa cha mtu na mashine ile."

"Kesho kwenye maandamano ya mtakatifu lazima kila mwanamume avue kofia, Fermín. Nitafanyaje?"

"Hilo sijui, bosi. Mimi ni kinyozi." Akalifunga daftari lake. "Nilitaka kukuuliza. Mtihani lini? Ukiwa leo mchana, jioni nafungua. Watu wana haki ya kwenda kwa mtakatifu wao wakiwa nadhifu. Na mimi, bosi, miezi minane naamka asubuhi sina pa kwenda. Mke wangu ananiambia kaa tu, nami mikono yangu haijui kukaa."

Ndipo, kwa joto, kwa kuwashwa, kwa aibu ya kuangaliwa na mtu mwema kutoka karibu vile, nikamwambia: "Mtihani gani, Fermín? Hakuna mtihani. Haujawahi kuwepo. Niliandika waraka na kitini, nikasahau kuandika mtihani."

Maneno hayo yakatoka kwenye spika nne za uwanja, wazi, yakagonga ukuta wa kanisa na kurudi. Mchana kweupe hakuna taa ya kukuonya. Kila mtoto wa Sabana Honda anafundishwa kuzima kila kitu umeme unapokatika, maana hurudi bila hodi, na mimi, mkurugenzi mzima, nimeshika kipaza sauti kilichowashwa kidevuni. Watu kwa mazoea wakaruka juu na kushangilia, "Umeme umerudi! Umeme umerudi!" Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakashusha mikono, maana waliyoyasikia ndiyo kwanza yalikuwa yanawaingia.

Doña Nurys ndiye aliyetangulia kupaza sauti. "Fermín! Alikuonyesha nini chini ya kofia? Huyu ana nini kichwani?"

Uwanja mzima ukamgeukia. Mtu niliyemfungia mlango miezi minane kwa mtihani wa hewani alikuwa na neno moja tu la kusema, na mji ungelicheka mpaka Krismasi. Fermín akaweka daftari kwapani.

"Cha kichwani kwa mteja ni cha mteja, Nurys," akasema. "Imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari langu.")

Narudi jukwaani. Ndugu wananchi, ninahitimisha, na hotuba iliyoandikwa ina kurasa kumi na moja zaidi ambazo nitamwachia Doña Nurys afungie jibini. Kwanza ninaivua kofia. (Ninaivua. Mguno mkubwa. Mtoto mmoja: "Mama, kichwa chake kama ramani!") Ndiyo, mwanangu, ni mapunye, yalitoka kwenye mashine chafu ya kinyozi pekee mwenye leseni, leseni niliyompa mezani kwa dada yangu tukila ndizi za kuponda. Kwa nini niliwafungia miezi minane? Mngependa niseme bajeti. Niliwafungia kwa sababu tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza jambo lolote, na ghafla kila Jumatatu alikuwepo mtu mlangoni, ameshika daftari, ananiuliza lini. Nilipenda, jamani. Nilipenda sana, na nimekuwa mtu wa hovyo.

Kaulimbiu zetu. Wembe mpya! (Wananchi: "Kila kichwa!") Brashi kwanza! ("Dawa baadaye!") Kurugenzi ya Huduma za Kichwa! (Anaitikia mbuzi mmoja.)

Mwisho, shukrani. Naishukuru Bodi ya Mitihani, ambayo haikuteuliwa. Nawashukuru wasahihishaji wasiozaliwa. Nalishukuru jengo la Kituo cha Mtihani, lile ambalo mwezi wa Mei nililikatia utepe likiwa ni uwanja wa mpira, na ambalo limebaki uwanja wa mpira. Namshukuru Mtakatifu Martín, aliyekuwa kinyozi mwenyewe kabla ya kuwa mtakatifu, na ambaye kwa waraka wangu angebandikwa karatasi nyekundu. Namshukuru Wandy, ambaye leseni yake naifuta sasa hivi kwa mdomo, mara mbili. Na wewe Fermín Lantigua, nakushukuru, na naomba utangulie, tunakwenda sote mlangoni kwako nikaibandue ile karatasi kwa kucha zangu mwenyewe, kisha niende zile nyingine nne. Foleni ianzie kwa Nurys. Wote mnyolewe leo, wote, mpendeze kesho.

Mimi msinipangie nafasi. Kinyozi amekataa kuninyoa, na swali hilo la nne amelijibu sawasawa.