Uzinduzi wa Kamusi ya Shari

Mheshimiwa mama mkwe wangu, Bi Mahbuba binti Aws, Mlezi wa Nyumba na Mkaguzi Mkuu wa Chumvi; Mheshimiwa mume wangu Yaqoob, Mkurugenzi wa Kuegesha Magari; jamaa mliotoka Al Khoudh kwa gari na majirani mliotoka nyumba ya pili kwa kandambili; mgeni rasmi, Mwalimu Srija wa Kerala, uliyekubali kuja lakini umekaa karibu na viatu vyako; mwanangu Taghreed, Mkalimani Mkuu, ambaye mbele yenu nyote anaigeuza hotuba hii kwa Kiingereza bila hata kukohoa; itifaki imezingatiwa, na aliyesahauliwa ajihesabu ametajwa. (Makofi. Bi Mahbuba anaomba kahawa.)

Mimi, Hind binti Harub, Mwenyekiti wa Muda wa Kudumu wa Kamati ya Lugha ya Mabela, niliyesoma skuli kidogo lakini nikazaa msomi, nna furaha isiyo na kifani kuzindua mradi mkubwa wa kimkakati, wenye visheni, misheni na sambusa, uliofanyiwa upembuzi yakinifu na kushirikisha mastekiholda wote waliokuwamo jikoni. (Vigelegele.) Mradi huo ni kamusi ya Kiingereza, Kimalayali, yaani lugha ya kwao Mwalimu, na Kiswahili chetu, na katika awamu ya kwanza, ili tusiwachoshe wananchi, itakuwa na neno moja, nalo ni right.

Msilidharau kwa umoja wake, maana neno hilo lina kazi nyingi kama mama mwenye wageni. Ukitaka mkono wa kulia, ni right, na Mmalayali atakwambia valathu. Ile haki unayoidai ofisini ukaambiwa urudi bukra, na kesho hiyo haifiki, nayo ni right, wao huiita avakasham. Mkurugenzi Yaqoob ni shahidi wa ugumu wake: alikuwa akiendesha gari, akamwuliza mwenzake wa kazini kama wakate kushoto, mwenzake akajibu, "Right," akimaanisha ndivyo hivyo, Yaqoob naye akakata kulia, wakajikuta wanatazamana na mlinzi wa geti la Bandari ya Sultan Qaboos. (Kicheko. Yaqoob anasema alikuwa anataka kuona meli za watalii.)

Sasa, waheshimiwa, nafika kwenye ile maana iliyotuletea changamoto ya kimawasiliano. Right ni sahihi pia, ni sawasawa, ni umepata. Na hapo Mmalayali husema shari. (Minong'ono. Jirani mmoja anasema audhubillahi.)

Ndiyo, shari, na hamkusikia vibaya. Mwalimu huyu alikuwa anamsomesha Taghreed Kiingereza mezani pale, na Taghreed wangu, mnamjua, kila swali anajibu, na kila akijibu mwalimu anafurahi anasema, "Shari." Nyuma ya pazia alikuwako Mlezi wa Nyumba, akasikia mjukuu wake anamiminiwa shari kama maji ya mfereji, akachukua chetezo, akafukiza ubani sebule nzima, akamwambia mwalimu kwa ukali, "Shari ikurudie mwenyewe!" Mwalimu, katika maneno hayo yote, akalitambua moja tu, akadhani bibi amekubaliana naye. Akatabasamu. Akajibu, "Shari, shari." (Kicheko kirefu. Bi Mahbuba anajifunika mtandio, mabega yanamtikisika.)

Akakabidhiwa viatu vyake mkononi, na tokea siku hiyo hakurudi. Hata salamu za dirishani, akipita njia, zikakatika.

Waheshimiwa, ufumbuzi haukutoka kwa mtaalamu wa nje. Umetoka kwa Taghreed, aliyeingia kwenye simu, akalitafuta neno right kwa Kimalayali, kisha akamsomea bibi yake kwa sauti. Bibi akauliza, kwa hiyo mtoto alikuwa anapata? Taghreed akasema, "Kila shari moja, bibi, jibu moja sahihi." Na kwa hesabu hiyo natangaza rasmi kwamba asilimia mia moja ya wanafunzi wetu, yaani Taghreed, walikuwa wamejaa shari mpaka pomoni. (Makofi marefu. Mkalimani anaona haya, anaruka sentensi hiyo. Mwenyekiti anamrudisha aitafsiri.)

Kamati yangu inaahidi jengo la ghorofa, maktaba yenye kiyoyozi, basi la wanafunzi, na meza ya mwalimu yenye droo inayofunguka. Nikisema right, semeni shari! Right! (Shari!) Wa nyuma siwasikii. Right! (Shari! Watoto wanarukaruka kwenye makochi.)

Mwisho nakushukuruni nyote kwa kuja kuzindua kamusi ambayo haipo. Jengo halipo, basi halipo, na kamati ni mimi na Yaqoob, naye hakuulizwa. Ningesema nakuita kunywa kahawa tu, Mwalimu, usingekuja, ndiyo maana nikaita uzinduzi. Kilichopo ni meza ile, na mtihani wa Kiingereza wiki ijayo, na mtoto wangu anayetaka kuingia chuo kikuu hapo Al Khoudh, ambaye bila ya wewe anasoma huku analia, na akilia yeye na mimi silali. Tunakuomba urudi.

(Mwenyekiti anamwambia Mkalimani, "Tafsiri, mwanangu." Taghreed anatafsiri mpaka neno la mwisho. Bi Mahbuba anainuka, anakwenda mlangoni, anaviokota viatu vya Mwalimu Srija. Anaingia navyo ndani, anaviweka kabatini juu ya vyake mwenyewe, anafunga mlango wa kabati.)

(Mwalimu Srija anajifuta macho, anavuta kiti cha meza ile, anasema, "Shari.")

(Bi Mahbuba anaitikia, "Shari tupu, mwanangu," na ukumbi wote unasema amina.)